Nguzo ya zege na koti la nyuzi: kutoka dalili hadi chanzo

Tetemeko la ardhi huiponza nguzo kwa kuisukuma ubavuni. Msingi unaenda huku, sakafu ya juu inabaki nyuma kwa uzito wake, na nguzo iliyo katikati inalazimika kupinda kwenye ncha zake mbili huku tumbo lake likitaka kukatika mshazari. Upepo mkali kwenye jengo refu nao husukuma hivyo hivyo. Nguzo nyingi za zamani zilipigiwa hesabu ya mzigo wa kutoka juu tu, na ndizo tunazozivalisha koti la nyuzi za kaboni, za kioo au za aramidi zilizoloweshwa gundi ya epoksi.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, nusu ya maswali ya hapa chini yanajijibu. Nyuzi zilizozungushwa nguzo hukaa kimya mpaka zege la ndani litake kutanuka au ufa utake kufunguka. Hapo ndipo zinavutika na kuanza kubana. Kazi yao ni kubana tu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya nguzo yenye dalili, swali la kwanza ni hili: nguzo hii ingekufa kwa njia gani? Wengi huruka swali hilo wakaanza kuhesabu tabaka za kitambaa.

Nyufa za mshazari au alama ya X kwenye tumbo la nguzo

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu nguzo inayokufa kwa mkato, yaani kwa kukatika mshazari ikisukumwa ubavuni, haiagi. Ufa ukishapita kutoka ubavu hadi ubavu, mzigo wa juu unakosa pa kukaa.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni ringi, vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo za wima. Kwenye majengo ya zamani ni kawaida kukuta ringi nyembamba zilizoachana sentimita 20 hadi 30, ncha zake zikiwa zimekunjwa digrii 90 tu badala ya kuingizwa ndani kwa digrii 135. Gamba la zege likibanduka, ringi ya namna hiyo inafunguka kama mkanda usio na kishikizo. Tumia kifaa cha kusoma nondo ndani ya zege, kisha chimba sehemu moja au mbili uone kwa macho. Michoro ya zamani usiiamini bila kuchimba.

Chanzo cha pili hupita bila kuonekana ingawa kiko wazi kabisa: ukuta wa tofali uliojengwa hadi chini ya dirisha, ukaishika nguzo sehemu yake ya chini. Nguzo iliyohesabiwa ikiwa na urefu huru wa mita 3 sasa ina mita 1.2. Nguvu ya mkato inayoweza kuizukia ni mara mbili ya momenti (nguvu ya kupindisha) ya ncha yake, gawa kwa urefu huru. Tuseme ncha zinaweza kubeba kNm 150 kila moja. Kwa mita 3, mkato ni kN (kilonyutoni) 100. Kwa mita 1.2, ni kN 250. Nguzo ile ile, nondo zile zile, na mhandisi wa kwanza hakukosea hesabu. Aliyejenga ukuta ndiye aliyeibadilisha.

Kwa mkato koti ni tiba nzuri sana. Chukua nguzo ya mraba yenye kina cha kazi (kutoka ubavu unaokandamizwa hadi nondo za ubavu unaovutwa) cha mm 350, tabaka mbili za kaboni zenye unene wa mm 0.167 kila moja, ugumu wa GPa 230. Katika hesabu, nyuzi haziruhusiwi kurefuka zaidi ya 0.4% ya urefu wake, hata kama kwenye maabara zinakatika karibu na 1.5%. Sababu iko kwenye ufa wenyewe: ukipanuka kupita hapo, kokoto za pande zake mbili zinaacha kung'ang'aniana na zege linapoteza mchango wake. Kwa hiyo msongo, yaani nguvu kwa kila kipande cha eneo la nyuzi, ni MPa 920, pande mbili za nguzo zina jumla ya mm 0.668 ya unene, na zidisho lake na kina linatoa takriban kN 215 kabla ya vipunguzo vya usalama. Pengo la kN 150 (250 toa 100) la mfano wetu wa nguzo fupi limezibika.

Sharti ni koti lizunguke lote na lipande urefu wote ulio hatarini. Kitambaa cha pande tatu, kilichoishia ukutani, kinategemea gundi peke yake na kitabanduka mapema. Ikibidi bomoa kipande cha ukuta upitishe mkono. Na kama ukuta wenyewe si wa lazima, utenganishe na nguzo kwa nafasi iliyojazwa kitu laini. Tiba hiyo huondoa ugonjwa wenyewe, na mara nyingi ni rahisi kuliko koti.

Nyufa za wima karibu na mguu wa nguzo, gamba la zege likitoka kwa vipande virefu

Hapa ujue nondo zinateleza. Mafundi hupenda kuacha nondo za kuanzia zimechomoza juu ya msingi kisha wanaunganisha nondo za nguzo hapo hapo, na kwenye ujenzi wa zamani mapishano hayo yalikuwa mafupi, mara nyingi kiasi cha mara 20 ya kipenyo cha nondo. Tena yako mahali pabaya kuliko pote, mguuni, ambapo momenti ni kubwa. Nguzo ikipinda, nondo mbili zilizolala pamoja zinavutana kinyume, zinalipasua zege lililozizunguka, na ushikamano unakwisha.

Koti linaweza kuzuia mpasuko huo, ila lazima libane mapema. Kuteleza huanza wakati kuta za nguzo zimetanuka kidogo tu, kama 0.1%, yaani robo ya kile tulichoruhusu kwenye mkato. Maana yake hapa kinachotafutwa ni ugumu wa koti kuliko nguvu yake ya kukatika. Ndiyo maana nyuzi za kioo, ambazo ugumu wake ni karibu GPa 72, zinahitaji unene wa zaidi ya mara tatu ya kaboni kufanya kazi ile ile. Anayelinganisha vitambaa viwili kwa nguvu ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda atanunua kisichofaa kwa tatizo hili.

Na umbo lina neno lake. Nguzo ya duara inabanwa sawasawa pande zote. Nguzo ya mstatili inabanwa kwenye pembe zake nne tu, na nondo zilizo katikati ya ubavu bapa hazina wa kuzisukuma ndani, kwa sababu kitambaa kilichonyooka hakisukumi chochote mpaka kipinde. Kwa nguzo kama hiyo, ongeza zege ubavuni uifanye duara au yai kwanza, ndipo uvalishe. Ukikataa hatua hiyo ukaongeza tabaka badala yake, utaongeza gharama na mguu utateleza vile vile.

Nyufa za kulala katikati ya urefu wa nguzo

Nguzo za madaraja na mabomba marefu ya moshi mara nyingi zilipunguziwa nondo kadiri zinavyopanda, kwa kuwa momenti hupungua kuelekea juu. Nondo zikikatishwa mapema mno, bila kupewa urefu wa kushikamana, nguzo inapata kiungo dhaifu tumboni. Kwenye tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, nguzo za barabara ya juu ya Hanshin zilivunjika hivyo, na kipande kirefu cha barabara kikalala ubavu.

Hapa ndipo nyuzi za wima zinapofaa, kwa sababu kitambaa kina nafasi ya kushikamana juu na chini ya sehemu dhaifu. Bandika za wima kwanza, kisha zungushia nyingine juu yake ili za wima zisibanduke na mkato usifuate.

Nguzo imevalishwa vizuri, lakini hesabu inaonyesha nguvu ya kupinda haijaongezeka

Hakuna kilichoharibika. Nyuzi za kuzunguka haziongezi nguvu ya kupinda ila kidogo sana. Zinaongeza uwezo wa kupinda sana bila kuvunjika. Mguu wa nguzo unakuwa kama bawaba inayozunguka mara nyingi huku zege la kiini likibaki mahali pake na nondo zikizuiwa kubinuka nje. Kwa tetemeko, hicho ndicho tunachotaka mara nyingi.

Kama kweli unahitaji nguvu ya kupinda mguuni, usibandike nyuzi za wima ukaziachia zikomee kwenye uso wa msingi. Mvutano mkubwa kuliko wote uko hapo hapo zinapoishia, na hazina pa kushika. Zinahitaji nanga za nyuzi zilizozamishwa msingini kwa epoksi, au fito zilizolazwa kwenye mifereji ya uso wa zege na kuingizwa ndani ya msingi. Kisha kagua msingi wenyewe, maana nguvu uliyoiongeza mguuni inashuka huko.

Wengine hupata kinyume: nguzo imekuwa ngumu kuliko walivyohesabu. Angalia chini. Koti likigusa msingi au slabu, nguzo ikiinama ukingo wa koti unakandamizwa na kuanza kubeba mzigo ambao si wake, mpaka unapasuka. Acha mwanya wa sentimita chache, hadi 5, kati ya ukingo wa koti na kinachofuata. Mwanya huo huonekana kama kazi isiyomalizika, na nimeona mafundi wenye nia njema wakiuziba kwa chokaa ngumu siku ya kupaka rangi. Ukitaka kuuziba, tumia kitu laini.

Kitambaa kimekatika kwenye pembe

Pembe kali ni kisu. Kitambaa kinachopinda ghafla kinapata msongo wa ziada pale pale, na hata pembe ikiwa nzuri, nyuzi za koti hukatika kabla ya kufikia kile zilichofikia kwenye kipande cha majaribio. Mwongozo wa ACI 440.2R, wa taasisi ya zege ya Marekani, unachukua 0.55 tu ya urefukaji huo. Mwongozo huo unataka pembe iviringwe kwa nusu kipenyo cha angalau mm 13. Mimi sishuki chini ya mm 25 ikiwa gamba la zege linaruhusu, na hesabu inanipa haki. Kwenye nguzo ya mraba ya mm 400, sehemu ya zege inayobanwa kikweli ni takriban 40% ukiviringa kwa mm 10, 49% kwa mm 25, na 62% kwa mm 50. Dakika chache za mashine ya kusaga zinafanya kazi ambayo tabaka la ziada haliwezi. Kikomo ni ringi: ukisaga mpaka chuma kikang'aa, umekwenda mbali. Jenga pembe kwa chokaa ya ukarabati badala ya kuendelea kukata.

Nguzo ya mstatili ambayo upande mrefu unazidi mara moja na nusu ya ule mfupi, au yenye ubavu unaozidi mm 900, usiitarajie ibanwe vya kutosha kuongeza nguvu ya kubeba mzigo wa juu. Kwa mkato bado utafaidi.

Koti linalia wazi ukiligonga, au lina mapovu

Ukaguzi huu hauhitaji chombo zaidi ya sarafu au nyundo ndogo na sikio lililotulia. Zege lililoshikana na koti linajibu kwa mlio mfupi, mkavu. Penye hewa linalia kama kibuyu. Gonga kwa mistari, juu hadi chini, na uzungushie chaki kila unapolisikia.

Kisha pima ukubwa. Kwa mwongozo ule ule, povu lisilozidi mm² 1,300 linavumilika mradi jumla yao isizidi 5% ya eneo lote na yasizidi 10 kwa kila mita ya mraba. Lililo kubwa kuliko hapo lichomwe sindano ya epoksi au libadilishiwe tabaka. Likizidi mm² 16,000, likate na ubandike kiraka chenye tabaka zile zile na mapishano ya kutosha.

Lakini usikimbilie sindano kabla ya kujua kwa nini. Nguzo moja niliyoitwa kuikagua ilikuwa inalia wazi karibu ubavu mzima, na koti lenyewe lilikuwa limeng'aa, safi, halina mkunjo. Tulibandika diski ya chuma ya mm 50, tukakata duara kuizunguka, tukavuta. Kipimo kinachokubalika ni MPa 1.4, ambayo kwa diski hiyo ni karibu kN 2.7, na kinachotakiwa kung'oka ni zege lenyewe. Diski ilitoka kabla mshale haujafika nusu. Niliigeuza kiganjani: chini yake kulikuwa na kitambaa, epoksi, na sahani ya kijivu ya mm 15 iliyokwanguka kwa ukucha. Ilikuwa plasta. Fundi alipiga puti nzuri sana juu ya plasta ya zamani badala ya kuifikia zege.

Mtu anaweza kusema koti la kuzunguka linahitaji mgusano tu, si ushikamano, na kwa kubana zege ni kweli. Ila plasta laini inapondeka kwanza. Zege linatanuka, plasta inakula nafasi, na nyuzi zinachelewa kuvutika wakati ambapo kila sehemu ya milimita ni muhimu. Koti lile lilitolewa lote.

Vyanzo vingine vya mlio huo ni unyevu, vumbi la kusaga lisilofyonzwa, na kitambaa kilichobandikwa kikavu katikati kwa sababu rola ilipita mara moja. Uso wa zege uwe na joto la angalau nyuzijoto 3 juu ya kiwango cha umande; chini ya hapo maji yanajikusanya usiyoyaona na epoksi inakaa juu ya maji.

Gundi ikibaki laini au kunata siku ya pili, tafuta kosa kwenye uwiano wa sehemu A na sehemu B. Fundi anayekadiria kwa macho ndoo inapokaribia kwisha ndiye mtuhumiwa wa kwanza. Mizani ndogo ingemwokoa. Baridi nayo huchelewesha, lakini gundi ya baridi hukauka hatimaye, ya uwiano mbaya haikauki kamwe. Haina tiba ila kubandua. Ikiwa ngumu lakini ina utando wa mafuta mafuta juu, hilo ni jambo dogo: ioshe, ikwangue kwa msasa, endelea na tabaka linalofuata.

Madoa ya kutu, au koti limevimba kwa mstari wa wima

Nondo zinaoza ndani. Koti halikulisababisha hilo, lililifunika tu. Chumvi iliyokwisha kuingia kwenye zege inabaki humo, na kutu hutanuka kuliko chuma kilichoizaa, hivyo koti linavutwa kabla tetemeko halijafika. Kata dirisha, toa zege bovu hadi nyuma ya nondo, safisha, rudishia, ndipo uvalishe upya. Nyufa zinazozidi takriban mm 0.3 zijazwe epoksi kwanza. Na kaboni isigusane na chuma: inapitisha umeme, na penye unyevu huifanya nondo ioze haraka. Tabaka jembamba la kioo kati yao linatosha.

Nguzo zimepona, uharibifu umehamia kwingine

Ukiziimarisha nguzo za ghorofa ya chini peke yake, ghorofa ya pili inakuwa ndiyo dhaifu. Ukiimarisha nguzo ukaacha kiungo cha nguzo na boriti bila ringi, nyufa za X zitatokea pale kiunganishoni, mahali ambapo kitambaa hakizunguki kwa sababu boriti zimezuia. Dalili ni zege linalopukutika kwenye kona ambapo boriti inakutana na nguzo, huku nguzo yenyewe ikiwa nzima. Jengo lihesabiwe lote likisukumwa pamoja, na unachotaka ni boriti zilegee kabla ya nguzo, na zilegee kwa kupinda, si kwa mkato.

Baada ya tetemeko, koti linaonekana zima

Koti zima halithibitishi kwamba nguzo ni nzima, kwa sababu linaficha zege. Anza kwenye ule mwanya wa mguuni. Ukiona zege limepondeka hapo, bawaba imefanya kazi. Panda na tochi iliyolazwa ubavuni utafute mistari myeupe ya kulala kwenye gundi: hapo epoksi imepasuka kati ya nyuzi huku nyuzi zenyewe zikiwa nzima, na mstari ukiwa mnene, zege la nyuma yake lina ufa. Gonga tena kwa sarafu ukilinganisha na ramani ya chaki ya siku ya makabidhiano, kama ilihifadhiwa kwa picha. Kama jengo limewaka moto baada ya kutikisika, koti lisilokuwa na kinga lihesabu halipo. Epoksi nyingi zinazokauka kwa joto la kawaida huanza kulegea kati ya nyuzijoto 60 na 80.

Mwisho ning'iniza timazi kutoka juu ya nguzo, pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, na uandike umbali juu na chini. Nguzo iliyobaki imeinama imelegea ndani, hata kama rangi ya koti lake haina mkwaruzo. Iwekee miti ya kuegemeza leo, kisha fungua dirisha kwenye koti uone zege kesho kukikucha.